Usiutafute Mkahawa wa Viti vya Buluu

Penrith, Australia, Alhamisi mchana

Wakesho mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nimekuona asubuhi hii hii ukinywa chai umesimama, mkate mkononi, simu sikioni. Umeshuka Parramatta kuagana na wenzako na umesema utarudi na treni ya saa kumi na mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimeomba siku ya mapumziko kazini, nimefunga mlango, na nimekaa mezani kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukuambia ana kwa ana wiki nzima.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, ukitamka kwa sauti kama ulivyokuwa ukisoma Biblia ya nyanya yako, na utanung'unika. Nung'unika tu. Kwa Kiingereza nimezoea kuandika ripoti za wagonjwa, na hii si ripoti.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala cheti cha chanjo, wala barakoa ngapi utie mkobani. Una miaka ishirini na mitatu na tulifungiwa pamoja katika nyumba hii wakati wa korona tukatoka bado tunapendana. Hayo mengine unayaweza. Nataka tuzungumze kuhusu zile siku tano za Athens, kabla hujafika Manchester kuanza masomo. Utalala wapi, utakula wapi, utakunywa nini. Usicheke, nina sababu.

Jumapili iliyopita ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki hiki na ramani kwenye simu. Ukaniuliza, "Mum, what was the street called? The one with the blue chairs. I can't find it anywhere."

Nikakujibu nimesahau. Sikusahau. Huo mkahawa haupo, Wakesho, na haujawahi kuwepo. Zile ngazi za mawe, viti vya buluu, mhudumu mzee aliyekuwa akiimba huku amebeba sahani, paka wa miguu mitatu aliyelala chini ya meza yangu, vyote nilivitunga. Nilianza kukusimulia ukiwa na miaka minne. Ukauchora shuleni, mwalimu akaubandika ukutani. Na sasa umechagua kupitia Athens wakati wenzako wote wanapitia Dubai, kwa sababu ya uongo wangu. Siwezi kukuacha uzunguke kwenye mji usioujua ukimtafuta paka wa mama yako.

Basi ukweli ni huu.

Kabla hujazaliwa, kabla hata sijaifikiria Australia, nilikuwa nesi London. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi mwaka mzima bila likizo, halafu nikajipangia siku nne za Athens, mimi peke yangu. Katika ukoo wetu wote pale Voi hakuna aliyewahi kwenda mahali bila kuitwa na harusi, kazi au msiba. Mimi nilikuwa naenda kukaa tu. Nilichagua hoteli ndogo chini ya kilima cha Akropoli, chumba chenye roshani, nikailipia kabisa. Nilinunua na gauni la njano.

Kosa langu lilikuwa kumwandikia nyanya yako. Nilitaka ajivunie. Yeye naye akamwandikia binamu yake, Anti Lucia, aliyekuwa akifanya kazi za nyumbani huko huko Athens. Ndege ilipotua, nikatoka na mkoba wangu, na Anti Lucia huyo hapo mlangoni na wanawake wengine wawili, wamevaa nguo zao za kanisani.

"Hoteli?" akasema. "Una watu hapa, ukalale hoteli kama yatima? Mama yako nitamwambia nini?"

"Anti, nimeshalipia."

"Basi waachie sadaka. Twende nyumbani."

Nikaenda. Hivyo tu. Sikubishana hata dakika tano.

Nyumbani kwao kulikuwa chumba cha chini ya ghorofa, mtaa wa Kypseli, wanaishi wanawake wanne. Siku ya kwanza walikuja wageni kusikia habari za Kenya. Siku ya pili ilijulikana kwamba mimi ni fundi wa kusuka, nikasuka vichwa vitatu. Siku ya tatu kulikuwa na maombi, nikasukuma chapati za watu thelathini, gauni langu la njano limefunikwa na leso ili lisichafuke unga. Siku ya nne nikarudishwa uwanja wa ndege. Nimekaa Athens siku nne nikala ugali siku nne. Akropoli niliiona mara moja, nilipopanda juu ya paa kuanua nguo. Ilikuwa kule mbali, ndogo kama kiberiti. Nikaiangalia mpaka Anti akaita kwamba mboga inaungua.

Sasa sikiliza vizuri. Hakuna aliyenionea. Wale wanawake walishinda katika nyumba za watu siku sita kwa wiki, wakisafisha na kulea wazee wasio wao, na Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao ya pekee ya kuitwa kwa majina yao. Mtu mgeni kutoka nyumbani kwao ilikuwa sikukuu. Anti Lucia alinipa kitanda chake akalala chini. Alinipenda, na nikimkumbuka nampenda. Lakini ningeweza kumwambia, "Anti, Jumapili nitakuja tule pamoja, siku nyingine tatu niache." Angenuna, kisha angepoa. Mdomo nilikuwa nao. Niliogopa kuonekana najidai.

Uwanja wa ndege ndipo niliponunua ile postikadi ya Akropoli, ile unayoijua wewe, iliyokaa kwenye friji zetu zote tangu Blacktown hadi hapa. London wenzangu wakaniuliza, "Ulikula wapi?" Nikaona aibu. Nikawaambia kuna mahali fulani, kwenye ngazi, viti vya buluu. Uongo ule ulikuwa mtamu nikauongezea paka.

Ningekufa nao kama si Kyria Stamatia. Unamkumbuka jina, yule bibi Mgiriki wa kituo cha wazee, chumba cha mwisho. Kyria ni kama kusema Mama kwa heshima, na hakukubali kuitwa vingine. Alikuwa karibu miaka tisini na ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

Ile baridi ya mwaka jana, tulipofungiwa ndani sisi wa magharibi ya jiji, helikopta juu ya mapaa, mimi naendesha gari kwenda kazini na karatasi ya kibali kwenye kiti cha pembeni, na jioni televisheni inatuonyesha watu wa ufukweni wakiota jua, wewe ulikuwa ukipiga kelele sebuleni, "It's not fair, Mum!" Haikuwa haki. Kule kazini wazee walikuwa wamefungiwa vyumbani na hakuna mgeni anayeingia. Kwa hiyo nilipomaliza kumwogesha Kyria nilikuwa nakaa naye dakika chache zaidi. Siku moja nikamwambia, kwa kumchangamsha, kwamba mimi nimefika Athens.

Akageuza kichwa. "Kahawa ulikunywa wapi?"

Nikaanza habari ya viti vya buluu. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Walikuletea na nini?"

"Kahawa tu."

"Na maji je?"

Nikasema sikuletewa. Kumbe kule kahawa huja na glasi ya maji, kila mahali, hata kibandani, na mtu aliyekunywa kahawa hata mara moja anajua. Yule bibi alinitazama juu ya miwani, nami nikiwa na gauni la plastiki, barakoa, ngao ya uso na glavu, nikaanza kulia humo ndani. Nikamwambia yote. Chapati, vichwa vitatu, paa. Ilikuwa ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia mtu.

Hakunihurumia hata kidogo. Alikasirika. Kypseli ndio mtaa aliozaliwa! Akasema hatua chache kutoka kwenye kile chumba cha Anti Lucia kuna barabara ndefu ya waenda kwa miguu, miti pande zote, mikahawa imejipanga, watu wamekaa tangu asubuhi. "Siku nne," akasema, "na hukukaa kwenye kiti hata mara moja!"

Kisha akanieleza kwa nini inamuuma. Alipoletwa nchi hii na meli, akiwa bibi arusi, waliwekwa kambi ya wahamiaji pale Villawood. Chakula kilipikwa katika bwalo, kondoo wa kuchemsha, asubuhi, mchana na jioni, na kupika chumbani ilikuwa marufuku. Yeye akaficha jiko dogo la mafuta ya taa chini ya kitanda. Kila alasiri alichemsha kahawa, akaweka viti viwili nje ya mlango, na kukaa. Msimamizi alikuja mara tatu kumkaripia. Mara ya nne akaketi kwenye kile kiti cha pili akamiminiwa. "Nilikuwa sijui neno moja la Kiingereza," akaniambia, "lakini kukaa nilijua."

Tangu siku ile alinifundisha. Kila zamu somo moja. Nilikuwa naandika nyuma ya karatasi za menyu ya kituo, na hizo karatasi ziko ndani ya bahasha hii. Mengine nimeyahakikisha kwenye simu, maana yeye alirudi kwao mara ya mwisho kabla magoti hayajamkataa.

Lala kwenye ile hoteli yako ya Koukaki. Ni mtaa wanaoishi watu, chini ya kilima, unafika Akropoli kwa miguu, na jioni utawakuta wenyeji na watoto wao nje. Plaka, mtaa wa watalii, ni pazuri, kapite, upige picha, lakini kulala pale ni kulala sokoni. Na mapokezi wakikupa chumba kinachotazama ukuta wa nyuma, waambie umelipia roshani. Mimi nimepewa vyumba vya nyuma katika maisha yangu na nimesema asante. Nimepewa na meza za mlangoni mwa choo. Unakumbuka siku uliyomaliza shule, pale Parramatta, mkahawa nusu mtupu na wakatuweka karibu na mapipa? Ulinitazama uone nitafanya nini. Nikafungua menyu. Wakesho, kile chakula bado kimenikaa hapa kooni. Ukipewa meza hiyo Athens, simama hapo hapo, onyesha kwa kidole meza unayoitaka, na usiketi mpaka umepewa. Usieleze. Usitabasamu sana pia.

Asubuhi nunua mkate wa duara wenye ufuta kwa mtu wa barabarani, ule ukitembea. Siku moja ingia soko kuu la nyama na samaki, kuna migahawa humo ndani inayopika supu ya matumbo. Ndiyo, matumbo. Wewe ambaye hutaki nikipika matumbo madirisha yakiwa yamefungwa! Onja tu, tia siki na kitunguu saumu, halafu uniandikie nani anapika vizuri. Mchana tafuta mahali ambapo sufuria zinaonekana na menyu haina picha. Waambie unataka kuona. Wanakuruhusu. Agiza maharagwe ya kuoka, agiza mboga za majani, ambazo huchemshwa na kutiwa limau na mafuta ya zeituni, utasema ni mchicha umekwenda chuo kikuu. Samaki waulize bei kabla hajaingia jikoni.

Na kuhusu kinywaji. Mama Kelvin wa kanisani na fellowship yote wakiisoma barua hii wataniombea, na waniombee. Kunywa divai, Wakesho. Onja na ile ouzo yao, inayogeuka nyeupe ukiitia maji. Ila fanya kama wao: kidogo kidogo, na sahani za chakula mezani, na kwa saa nyingi. Kyria alisema mtu anayekunywa bila kula kule anatazamwa kama mgonjwa. Sijakulea uogope glasi. Nimekulea ujue wakati wa kuiweka chini.

Kahawa, agiza yenye sukari ya kiasi. Usiikoroge, na ule unga wa chini uuache. Utaletewa maji. Kisha ukae. Hakuna atakayekuletea bili mpaka uombe, kwa hiyo usihangaike kutazama nyuma yako kama tunavyofanya sisi. Nimekuona, hata nyumbani unakula kama mtu anayesubiriwa. Umenirithi mimi na zamu zangu.

Sasa nikuambie nilichofanya leo asubuhi ulipotoka. Ule mfuko mkubwa alioleta Mama Kelvin, wenye vitamini na viatu vya watoto na blanketi za binamu yake wa Athens, nimeurudisha. Nimeubeba mwenyewe hadi kwake.

"Mama Wakesho, kwani kuna shida?" akauliza mlangoni.

"Wakesho atalala hoteli."

"Hoteli? Na cousin yangu ana space! Msichana peke yake, mji wa watu?"

"Mji wa watu, ndiyo. Na yeye ni mtu."

"Lakini nimeshawaambia watamchukua airport. Hata unga wameshanunua."

"Watapika, wale wenyewe."

Akauvuta mfuko ndani. Kisha akasema lile nililolijua linakuja. "Na nyanya yake je? Borders zimefunguliwa, safari ya kwanza ya mtoto ni kwenda kujienjoy, na kaburi hajaliona?"

Hapo alinipata, sikufichi. Unajua nilivyomzika mama yangu. Nilimzika kwenye simu, ndani ya gari, kwenye maegesho ya kazini, mtandao ukikatika kila wakishusha jeneza, halafu nikavaa barakoa nikarudi kugawa dawa. Hakuna anayeweza kunifundisha uchungu wa kaburi lile. Nikamjibu Mama Kelvin kwamba Desemba mimi na wewe tutakwenda Voi pamoja na tutalia yote tuliyobakisha. Lakini siku hizi tano ni za mwanangu, na ikiwa kuna wa kulaumiwa, aniandike mimi.

"Fellowship watasema nini?"

"Waambie ni mimi nimekataa."

Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu garini. Miaka zaidi ya ishirini nilichelewa kulisema neno hilo, na nimelisema kwenye veranda ya Mama Kelvin, St Marys!

Nitakuambia kilichonisukuma. Alipokuletea ule mfuko na namba ya simu ya binamu yake, ulinitazama, kisha ukamwambia, "It's fine, Auntie. I don't mind." Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa mimi, na mkoba wangu, mbele ya Anti Lucia. Ulikuwa na hoteli yako umeichagua miezi miwili, ulinionyesha mpaka rangi ya mashuka, na ulikuwa tayari kuitupa kwa sentensi moja ili mtu mzima asinune. Unadhani hiyo ni adabu. Mimi pia nilidhani. Adabu ni kuwapigia wale watu simu Jumapili, kwenda na keki, kula ugali wao kwa furaha na kuwaosha vyombo. Namba yao nimeiandika nyuma ya karatasi ya kwanza. Kawaone, tena mpe heshima yake yule mwenye nyumba, huenda amesafisha wiki nzima. Jioni uage, urudi kwenye roshani yako.

Nilikukosea, mama, kwa ule mkahawa. Nilikupa hadithi kwa sababu sikuwa na kitu cha kweli cha kukupa, na nikakuonyesha kwa mfano jinsi ya kusema "sijali" wakati unajali. La kwanza nalifuta kwa barua hii. La pili utalifuta wewe.

Kyria Stamatia hakuiona mipaka ikifunguliwa. Siku yake ya mwisho nilimshikia simu sikioni mwanawe azungumze naye, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia. Siku mbili kabla alikuwa ameniuliza kama nitarudi Athens. Nikasema ndiyo. Akasema, "Safari hiyo nayo isiwe ya viti vya buluu." Nitakwenda, Wakesho. Ukimaliza masomo nitakuja kukupigia makofi Manchester, halafu tutashuka pamoja, na gauni la njano litashonwa jingine.

Treni yako inakaribia, na bado sijapika. Barua hii naitia katika mfuko wa mbele wa mkoba wako, isome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kurudi kunibishia. Nikikukumbatia kesho uwanja wa ndege usiniulize mbona nakukaza hivyo.

Ile postikadi ya uwanja wa ndege nimeitoa kwenye friji. Sumaku yake nimeiacha pale pale, haijashika kitu. Siku ya pili au ya tatu, ukishapata kiti kinachokufaa na kahawa imeletwa na maji yake, nunua nyingine uniandikie. Usinisalimie sana. Andika jina la mtaa tu, niwe nalo siku nikiulizwa.

Mama yako,
Mkamburi